Aliyelishinda Kabati la Gemu

Sixbert Kiula alikamatwa Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla hajamaliza chai yake. Saa tatu faili lilikuwa juu ya meza ya Sajenti Dorkas Mkumbo, na ndani yake mlikuwa na karatasi mbili tu: maelezo ya mlalamikaji na maelezo ya askari aliyemkamata mtuhumiwa. Dorkas alizisoma mara mbili. Mkuu wake wa upelelezi alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kesho asubuhi tunampeleka mahakamani," alisema. "Kesi nyepesi hiyo. Ametishia mbele za watu, na ameonekana eneo la tukio. Tafuta mali tu."

"Na kama mali haiko kwake, afande?"

"Ndiyo maana nakwambia itafute."

Mali yenyewe Singida nzima ilikuwa inaijua. Godfrey Shango, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu, alikuwa ameleta kabati la gemu kutoka Dar es Salaam: kabati refu kama mtu mzima, kioo kikubwa kifuani, chini yake fimbo yenye kichwa chekundu na vitufe sita, na tumboni magemu ya zamani mia tatu, yale ambayo watu wa makamo waliyacheza kwenye mabanda wakiwa wadogo. Kwa wiki tatu, kila aliyenunua kitu dukani alipewa raundi moja ya gemu la vyombo vya angani. Atakayekuwa na alama nyingi kuliko wote mpaka Jumamosi saa sita mchana, analichukua kabati. Jumamosi hiyo alitangazwa Damiani Hango, fundi umeme wa Mwankoko. Sixbert akawa wa pili, akapewa fulana. Jumatatu kabati likapelekwa kwa Damiani. Jumatano likaibiwa.

Dorkas alimtoa Sixbert mahabusu, akamkalisha kwenye kiti cha mbao. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi simu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Jumamosi ulimwambia nini Damiani?"

"Nilimwambia hilo kabati hatakaa nalo wiki."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Hasira, afande. Kila mtu alinisikia, siwezi kukana."

"Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Ulemo, shamba la baba. Baba mgonjwa, nilikuwa nakata alizeti peke yangu tangu Jumanne. Nimerudi jana jioni na lori la mkaa."

"Nani alikuona shambani?"

Sixbert alifungua mikono. "Ndege."

Dorkas aliandika, kisha akauliza, "Hasira ya nini hasa? Mtu amekushinda, amekushinda."

"Afande, mimi banda langu la simu linatazamana na lile duka. Wiki tatu nzima nilikuwa naingia na kutoka pale. Najua nani anacheza na anacheza vipi. Damiani sijawahi kumwona amesimama mbele ya lile kabati. Hata siku moja. Halafu Jumamosi anakuja na risiti, anaambiwa mshindi ni yeye."

"Labda alicheza ukiwa chooni."

"Alama elfu themanini na nne hazipatikani mtu akiwa chooni," alisema Sixbert. "Hizo ni dakika arobaini bila kukosea."

Dorkas alimrudisha mahabusu, akamwita Konstebo Deo awashe gari.

Nyumba ya Damiani ilikuwa na bati jipya na ua wa michongoma, na nyuma yake shamba dogo la viazi vitamu. Upepo wa Juni ulikuwa unavuma kama kawaida yake, ukiwarushia vumbi machoni. Damiani aliwapokea getini, mtu mnene mchangamfu mwenye bisibisi mfukoni, akawaongoza moja kwa moja hadi chumba cha mbele.

"Lilikuwa hapa. Nimetoka saa tatu kwenda kufunga waya Kindai, mke wangu kaenda kisimani na sokoni. Narudi saa nane, patupu."

Sakafu ya saruji ilikuwa na alama nne za miguu ya kabati. Hakukuwa na mikwaruzo ya kuburuta. Dorkas aliinama mlangoni, akaliangalia kufuli, akaangalia na pete zake.

"Hili halijavunjwa."

"Vijana wa siku hizi wana funguo za kila aina."

"Kulikuwa na kitu kingine cha kabati? Waya? Funguo?"

"Kuna ufunguo mdogo wa mlango wa nyuma, unakofungulia kuwasha. Tuliuweka kwenye kopo la sukari jikoni. Nao umekwenda."

"Kuna kitu kingine kimechukuliwa jikoni?"

"Hapana."

"Redio ile pale? Simu? Mtungi wa gesi?"

"Havikuguswa. Alikuja kwa ajili ya kabati tu, afande. Na nilimwona kwa macho yangu, Jumatano hiyohiyo asubuhi, anazungukazunguka nyuma hapo. Nimeandika kwenye maelezo, nimetia na sahihi."

Mke wake alikuja na chai. Aliitwa Janeth, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kilemba cheusi. Alileta kikombe kimoja, akarudi jikoni, akaleta cha pili. Sinia lilikuwa limeegemezwa ukutani pale mlangoni, lakini hakulitumia. Mkono wake wa kushoto aliuficha ndani ya kanga.

"Pole na msukosuko, dada," alisema Dorkas.

"Asante."

"Jumatano ulirudi saa ngapi?"

Janeth alimtazama mumewe kwanza. "Saa saba na nusu. Saa nane. Sikuangalia."

Dorkas alikunywa chai. Aliomba kwenda kuongea na majirani, na hakuna aliyemzuia.

Nyumba ya pili alikuwa anakaa Bibi Esta, ambaye macho yake yalikuwa bado makali ingawa miguu ilikuwa imeshaanza kugoma. Alikuwa anapepeta mtama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya lile sanduku la kelele?"

"Ndilo hilo. Jumatano uliona nini?"

"Niliona guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Saa sita kamili, maana redio ilikuwa inaanza habari. Vijana wawili wamevaa aproni za bluu, zile za duka la Godfrey. Nikasema, hawa mafundi wamekuja kulirekebisha. Wakalitoa, wakalipakia, wakaenda."

"Walilitoa haraka haraka?"

"Haraka ya nini? Lilikuwa limefungwa mablanketi mawili, na kamba, na godoro la mtoto chini yake. Walilibeba kama wanambeba mzazi."

"Guta lilikuwa na namba?"

"Namba sikuiona. Nyuma limeandikwa SUBIRA kwa rangi nyekundu."

Kwenye gari Deo aliweka gia, akasema, "Basi ni Godfrey. Ametangaza bidhaa zake wiki tatu, watu wamenunua, sasa amelirudisha kabati lake. Aproni ni zake."

"Inawezekana," alisema Dorkas. "Twende tukamuulize. Lakini hebu nijibu hili. Ufunguo kwenye kopo la sukari Godfrey aliujuaje?"

Deo alikanyaga mafuta.

Godfrey Shango alikasirika kabla swali halijaisha. Alipanda juu ya stuli, akashusha boksi kutoka rafu ya juu, akalimwaga kaunta. Aproni za bluu zilitawanyika.

"Hizi nimegawa zaidi ya mia mbili, afande! Wauza chipsi wanavaa, wachoma mahindi wanavaa, hata fundi wa choo changu anavaa. Utawakamata wote? Na kabati ningelitaka kwa nini nililitoa? Nimekwishaagiza jingine."

Alitoa risiti ya mzigo wa basi, ya kabati la pili, tarehe ya Jumanne. Dorkas aliisoma, akamrudishia. Juu ya ukuta, nyuma ya kaunta, tangazo la shindano lilikuwa bado limebandikwa: *Mshindi ni mchezaji atakayepata alama za juu kabisa.*

"Naomba daftari la shindano."

Kila raundi ilikuwa imeandikwa: tarehe, saa, namba ya risiti, herufi tatu ambazo mchezaji aliziweka kwenye kioo, na alama. SIX alikuwepo kwenye karibu kila ukurasa. Alama zake za juu zilikuwa 71,200. DAM alitokea mara tisa. Mara ya kwanza alama 900. Mara ya nne 12,000. Mara ya tisa, Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe kumi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, 84,650. Mara zote tisa zilikuwa asubuhi sana, duka linapofunguliwa.

"Saa mbili na dakika kumi banda la Sixbert linakuwa limefunguliwa?"

"Yule? Kabla ya saa nne hajafungua."

"Wewe uliwahi kumwona Damiani akicheza?"

Godfrey alikuna kidevu. "Asubuhi mimi huwa stendi, napokea mizigo. Anayefungua duka ni Witness, binti wa kaunta. Jumamosi mimi nililinganisha namba ya risiti na herufi. Risiti imeandikwa Damiani Hango, herufi ni DAM. Ningefanya nini tena?"

"Witness yuko wapi?"

"Likizo, kwao Manyoni."

Simu ya Witness iliita mara tatu kabla haijapokelewa. Sauti ilikuja ikikatika, nyuma yake kuku wanalia. Dorkas alijitambulisha, akauliza swali moja tu: tarehe kumi asubuhi, nani alicheza?

"Yule dada," alisema Witness. "Hajambo? Alikuwa anatumwa na mume wake kununua swichi na waya, basi kila akija anacheza raundi yake. Mwanzo alikuwa anakufa papo hapo tu, tunacheka wote. Mimi ndiye nilimwambia aweke herufi za jina lililo kwenye risiti, ili kitabu kisinichanganye. Bosi hakuwa ameuliza."

"Una uhakika ni mwanamke?"

"Afande, ile siku ya mwisho nilipiga hadi picha. Nilitaka kuiweka kwenye ukurasa wa duka, nikasahau. Ngoja."

Picha iliingia baada ya dakika mbili. Kioo kilikuwa kimechukua sehemu kubwa, na namba 84,650 juu yake. Chini, kwenye ukingo wa picha, mikono miwili ilikuwa imepishana kama mtu anayejifunga mkanda. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika fimbo, iliyo upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya vitufe, upande wa kulia, na vidole vyake viwili vilikuwa vimejikunja, havikunyooka kama vingine.

Dorkas alimwonyesha Godfrey. "Mtu gani anacheza hivi?"

"Mtu ambaye mkono wa kushoto hauwezi kushika," alisema Godfrey polepole. "Kubonyeza unaweza, kushika hauwezi."

Deo alikuwa anachungulia begani. "Ndiyo maana alileta vikombe kimoja kimoja," alisema.

Guta la SUBIRA halikuwa gumu kupatikana. Lilikuwa limeegeshwa kwenye kijiwe cha wabeba mizigo nyuma ya soko, na mwenyewe, Ignas, alikuwa amelala juu yake, aproni ya bluu usoni kuzuia jua. Alipoona sare za Deo aliruka akasimama.

"Jumatano ulibeba nini Mwankoko?"

"Kabati, afande. Nilipigiwa simu na mama mwenye nyumba. Nilipofika alikuwa ameshalifunga mwenyewe, nikamwita mwenzangu tukalipakia. Kwani kuna tatizo? Mimi nimeingia nyumba ya mtu mwenyewe akiwepo."

"Bibi jirani hakumwona mama huyo."

"Alikuwa ndani, anatuelekeza. Anasema taratibu, taratibu."

"Ukalipeleka wapi?"

"Mtinko. Kwa dada yake, anaitwa Selina. Lipo stoo, kwenye magunia ya alizeti."

Saa saba mchana gari la polisi lilikuwa njiani kuelekea Mtinko. Damiani alikaa kiti cha nyuma, amefurahi, anaongea bila kupumzika. Dorkas alikuwa amewaambia tu kwamba mali imepatikana na wanahitajika wote wawili kuitambua. Janeth alikaa dirishani. Alikuwa ameelewa wanakokwenda tangu walipokunja kona ya kwanza.

"Nililijua tu," alikuwa anasema Damiani. "Mtu akikutishia, msikilize. Na bahati nzuri, maana kuna bwana mmoja wa Manyoni ananisubiri. Ananipa pikipiki, bado nzima kabisa, tubadilishane. Jumapili anakuja kulichukua."

"Kesho Sixbert anapanda mahakamani," alisema Dorkas, akitazama mbele. "Kwa wizi wa kuvunja nyumba. Tangu asubuhi yuko mahabusu."

Janeth aligeuka. "Sixbert nani?"

"Fundi simu. Yule aliyekuwa wa pili."

"Mbona hukuniambia kuna mtu amekamatwa?" Janeth alimwuliza mumewe.

"Mambo ya polisi hayo," alisema Damiani.

Selina alikuwa anaanika alizeti uwanjani. Alipoliona gari na mdogo wake akishuka, aliweka ungo chini, akasema kitu kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo. Janeth alimjibu kwa neno moja. Selina akaenda kufungua stoo.

Kabati lilikuwa limesimama katikati ya magunia, blanketi bado limefungwa. Deo alikata kamba. Selina alitoa ufunguo mdogo kutoka kwenye pindo la kanga bila kuombwa, na Dorkas akaupokea. Walivuta waya hadi dirishani kwenye soketi, na kioo kikawaka, muziki wa vinanda vya kitoto ukajaa chumbani. Orodha ya majina ikapanda: DAM, SIX, SIX, SIX.

"Ndilo hili?" aliuliza Dorkas.

"Ndilo, afande! Kabisa!"

"Vizuri. Kwa ajili ya maelezo yangu, naomba ucheze kidogo. Kama ulivyocheza tarehe kumi."

Damiani alicheka. "Hapa? Mbele ya watu?"

"Mwenye alama elfu themanini na nne haoni haya."

Alisogea. Alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia kwenye vitufe, kama afanyavyo kila mtu. Chombo chake cha kwanza kilipasuka kabla hajajua kipi ni chake. Cha pili kikagonga ukuta. Cha tatu alikiendesha kwa sekunde kumi, jasho likimtoka, kisha kikazimika nacho. Kioo kikaandika alama 300, kikamwomba aweke jina.

Hakuna aliyecheka. Selina alikuwa anatazama sakafu.

"Nimesahau kidogo," alisema Damiani.

"Afande," alisema Janeth. Alikuwa ametoa mkono wa kushoto kwenye kanga. "Huyo kijana atolewe. Kabati nimelichukua mimi, na halijaibiwa na mtu."

"Janeth!"

"Mwache aongee," alisema Dorkas.

"Vidole hivi vilibanwa na mashine ya kukamua alizeti, mwaka juzi. Hospitali walisema niwe navifanyisha kazi, nikasema kazi gani, sindano siwezi, jembe siwezi. Pale dukani siku ya kwanza nilicheza kwa utani tu. Siku ya tatu kidole hiki kikabonyeza chenyewe. Mwaka mzima na nusu kilikuwa kama kijiti." Alikiinua, akakikunja, akakikunjua nusu. "Nikaanza kuomba anitume dukani hata kama hana kazi ya waya. Nilipolishinda nilimletea risiti nyumbani kwa furaha. Akaniambia, jina ni la nani hapa? Nikanyamaza. Ni mume wangu, nikasema si liko nyumbani, nitacheza. Jumanne ndiyo nikasikia habari za pikipiki."

"Risiti ina jina langu!" alisema Damiani. "Na swichi nilinunua mimi!"

"Swichi unazo," alisema Dorkas. "Hakuna anayezidai. Janeth, cheza."

Janeth alisita, kisha akasogea. Alipishanisha mikono, wa kulia ukashika kichwa chekundu cha fimbo, wa kushoto ukatua kwenye vitufe. Dorkas alitoa simu, akairudia ile picha ya Witness, akailinganisha. Deo naye akaangalia. Chombo cha kwanza kilipita katikati ya mawe, kikapanda ngazi ya pili, ya tatu, ya nne. Vidole vile viwili vilikuwa vinagonga kwa zamu, tak, tak, tak, bila haraka. Alama zilipita elfu ishirini, na chombo kilikuwa bado kilekile.

"Inatosha," alisema Dorkas.

Janeth aliachia fimbo, na chombo kikapasuka peke yake.

Dorkas alifungua daftari lake juu ya gunia. "Mke kuhamisha kitu cha nyumbani kwake kukipeleka kwa dada yake, hilo si kosa ninaloweza kulifungulia jalada. Kabati ni la nani, mtamalizana na Godfrey. Tangazo lake linasema mchezaji. Linalonihusu mimi ni jingine." Alimgeukia Damiani. "Umetia sahihi kwamba Jumatano asubuhi ulimwona Sixbert nyuma ya nyumba yako. Sixbert anasema alikuwa Ulemo. Na nyumba yako haikuvunjwa na mtu. Ulimwona saa ngapi?"

Damiani alifungua mdomo. Akamtazama mkewe, akamtazama Deo aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nilijua ni yeye tu," alisema mwishoni. "Alishasema mbele za watu. Nikaona nikiongeza hilo, polisi watafanya haraka."

"Ulimwona au hukumwona?"

"Sikumwona."

"Andika hivyo. Utaeleza na sababu."

Walirudi kituoni saa kumi na nusu. Mkuu wa upelelezi alisoma karatasi mbili mpya akiwa amesimama, akasoma tena sahihi ya Damiani, kisha akavua miwani. "Huyu wa kutoa taarifa za uongo mfungulie jalada," alisema. "Na yule kijana mtoe sasa hivi."

Damiani alipelekwa kaunta kuchukuliwa maelezo. Janeth alibaki kwenye benchi la korido. Hakuna aliyemwambia aende wala akae. Sixbert alipotoka kule nyuma, akipangusa uso kwa fulana ya shindano, Janeth alisimama mbele yake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua kama wamekukamata. Ningejua, nisingelala."

Sixbert alimtazama, hakumwelewa. Kisha akaona mkono wake wa kushoto, akamtazama Dorkas aliyekuwa nyuma yake na simu yenye picha. Aliichukua simu, akaitazama kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama kifaa asichokijua.

"Elfu themanini na nne," alisema. "Umezipata wewe? Na mikono hii?"

"Mimi."

Sixbert alirudisha simu. Alielekea mlangoni, akasimama, akatazama kaunta, alikoinama Damiani juu ya karatasi.

"Wiki nzima nimemchukia mtu ambaye hata hakucheza," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Dada, ile ngazi ya tisa, yenye mawe mawili yanayokutana. Mimi yananimaliza pale kila siku. Wewe unapitaje?"

Janeth alikaa tena kwenye benchi, akamsogezea nafasi.